Betri Isiyofunguliwa

Bweni, juu ya Ngaramtoni
Jumapili, 7 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi. Asubuhi maji ya bomba yanauma vidole mpaka mtu unanawa uso kwa kuugusagusa tu. Mlima wenyewe hatujauona tangu tufungue shule, ni ukungu mtupu, tunaambiwa tu kwamba uko pale.

Barua nampa Matroni Elinami, kila Jumapili anashuka Sekei kuwaona watoto wake. Simu hapa ni kosa la kurudishwa nyumbani, kwa hiyo tuandikiane kama watu wa zamani.

Nauliza hali ya gari. Uliniambia mwenyewe kwamba baridi ya Julai ndiyo inayozimaliza betri. Je, alfajiri ukienda kuchukua mikate linawaka mara moja, au mpaka ulibembeleze? Maji umepima? Mrija wa biro niliuacha kwenye droo ya mbele, ule tulioutoa wino. Unauchovya kwenye tundu mpaka uguse zile sahani za ndani ya betri, unaziba juu kwa kidole, unautoa, unaona maji yamepanda kiasi gani. Najua unajua, wewe ndiye uliyenifundisha. Naandika tu kwa sababu nikiandika naona kama niko hapo uani.

Baba, kuna kitu nataka kuuliza, na uso kwa uso nisingeweza, unanijua. Tangu mama afariki, ndani ya nyumba wewe ni mtu wa "mm" na "haya". Sisemi vibaya. Lakini Jumamosi ukishafungua boneti unakuwa mtu mwingine. Unasimulia wateja wa Daraja Mbili, unaiga sauti zao, unacheka mpaka unashikilia bampa. Sijawahi kukusikia ukicheka mahali pengine. Sasa Januari nililetwa bweni, na Juni ukafunga ndoa na Mama Silantoi, na mimi nilifurahi, hata padri aliniuliza nikamwambia nimefurahi. Swali langu ni dogo tu. Jumamosi nani anakushikia tochi?

Ukiona ni swali la utovu wa adabu, liache.

Binti yako,
Agnela


Sekei
14/7/2024

Agnela,

Marahaba. Barua nimeipata. Soma kwa bidii na uvae sweta mbili.

Gari lilikataa kuwaka Jumatano na tena Ijumaa. Mikate ilichelewa. Betri imekwisha, itabidi tununue nyingine. Mambo haya wewe unayajua kuliko mimi, kwa hiyo sema tuchukue ipi. Silantoi ameomba akuandikie maelezo. Mimi mwandiko wangu unaujua.

Mama Silantoi anakusalimu. Ametuma bisi, ugawane na wenzako.

Baba yako,
Ludovick


Sekei
14 Julai 2024

Dada Agnela,

Usishtuke kuona mwandiko mgeni. Ni mimi Silantoi, ninayelala kitanda chako cha juu. Cha chini sijakigusa, usianze.

Baba amekuandikia mistari minne nikaona hutaelewa kitu, kwa hiyo sikiliza. Jumatano alfajiri gari lilisema kli, kli, kli, kisha kimya. Baba akashuka, akalitazama, akapanda tena. Kli moja. Tukatoka wote kusukuma, na yeyo, yaani mama yangu mwenyewe, akiwa na kanga ya kulalia. Jirani Sumari akatokea amejifunika blanketi, badala ya kushika gari akasimama kuuliza, "Bwana Ludovick, hili ni gari au mkokoteni?" Yeyo akamwambia, "Sukuma kwanza, jina tutalitafuta baadaye." Likawaka kule kwenye mteremko, kiatu changu cha shule kikabaki kwenye tope. Mikate ilifika Engutoto watu wameshakunywa chai na mihogo.

Ijumaa hadithi ni hiyohiyo, ila Sumari alikuwa amelala, au alijifanya.

Sasa habari njema. Jumamosi mimi na baba tulifungua boneti. Nilimshikia tochi. Ananifundisha polepole, anasema mkono wangu umetulia. Alisimulia habari za wateja wake mpaka mbavu zikaniuma. Huyu baba ana vituko, hukuniambia.

Basi tuambie. Kuna betri za maji na kuna kavu, tuchukue ipi? Na saizi? Kwetu Oldonyo Sambu nimezoea betri moja tu, ya sola ya babu, na utunzaji wake ulikuwa ni kuwafukuza mbuzi wasiilambe ile chumvi nyeupe.

Jibu haraka, yeyo anasema kusukuma gari hakukuwa kwenye maneno ya kanisani siku ya ndoa.

Mdogo wako,
Silantoi


Bweni
21 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Pole kwa kuchelewesha mikate.

Kuhusu betri nimefikiri wiki nzima. Hata kwenye kipindi cha Fizikia, mwalimu alipofika kwenye seli, yeye anaeleza kwa Kiingereza na mimi kichwani nakujibu wewe kwa Kiswahili, mpaka akaniuliza natabasamu nini. Sikuweza kumjibu kwa lugha yoyote.

Kabla hujanunua, Fundi Tajeu apime kama gari linachaji likiwa linanguruma. Kama altaneta ndiyo mbovu, betri mpya nayo itakufa na tutasema ni ya bandia. Saizi yetu ni NS40, lakini usiishie hapo, soma na herufi ya mwisho, lazima iwe L. Hiyo inaonyesha chanya iko upande gani. Ukichukua ya upande wa pili itaenea vizuri kabisa kwenye trei yake, halafu waya haufiki. Wapo mafundi wanaoigeuza ili waya ufike, kisha wanachanganya na kuunga chanya mahali pa hasi. Hapo fyuzi kubwa inaungua, na ukiwa na mkosi hata altaneta. Usikubali.

Halafu tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji atakuonyesha iliyopanguswa vumbi inang'aa kama viatu vya Komunyo ya kwanza, wewe tafuta tarehe. Iliyokaa dukani muda mrefu imeanza kuzeeka kabla hujaizaa, sijui nisemeje. Zile zilizofufuliwa na kubandikwa karatasi mpya ziache kabisa. Waipime mbele yako kwa kile kipimo cha kuibebesha mzigo wa umeme, na kadi ya dhamana waandike tarehe, usiondoke bila hiyo.

Na aina, chukua kavu. Ile iliyofungwa kiwandani, isiyoongezwa maji. Wewe unaamka saa tisa, umechoka. Kavu haina vifuniko, haina mrija, haina asidi ya kutoboa shati. Ukiifunga umemaliza. Jumamosi utapumzika.

Binti yako,
Agnela


Bweni
21 Julai 2024

Silantoi,

Barua yako nimeisoma. Asante kwa kusukuma.

Kwa kuwa umeshika tochi, nina maswali, utajibu ukipenda. Betri yetu ina chemba ngapi? Baba anaanza kupima kutokea upande gani? Akimaliza kupima, mrija anaufutia wapi?

Mambo yote ya kununua nimemwandikia mwenyewe. Nimemshauri achukue betri kavu. Hiyo haifunguliwi na mtu yeyote, haina mahali pa kuifungulia. Kwa hiyo hutasumbuka tena na tochi. Mkono wako uliotulia utautafutia kazi nyingine.

Kitanda cha juu kina msumari upande wa ukutani, angalia blauzi zako.

Agnela


Sekei
4 Agosti 2024

Agnela,

Betri imenunuliwa. Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu baba hatakueleza, na ukimaliza kusoma utanichukia vizuri, tena kwa haki.

Jumamosi ya wiki iliyopita alinichukua mjini, duka la betri kule karibu na stendi ndogo. Nilidhani ananichukua ili nibebe. Muuzaji akasema, "Mzee, ya maji au kavu?" Baba akajibu pale pale, "Ya maji." Ikaletwa. Akaigeuza, akatafuta herufi, L ilikuwepo. Akatafuta tarehe. Halafu akawa anapitisha kidole gumba juu ya vifuniko, kimoja kimoja, muuzaji anamsubiri na kalamu mkononi.

Kisha akanigeukia. "Agnela alisemaje?"

Barua yako ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Alishaisoma, mimi nilimwona anaisoma mara mbili. Akaitoa, akanipa. "Soma hapo pa mwisho."

Nikasoma. Haina vifuniko, haina mrija. Ukiifunga umemaliza. Jumamosi utapumzika.

Baba akasema, "Mm."

Muuzaji akafurahi. "Binti yako anajua mambo, mzee. Kavu unaisahau kabisa. Huigusi."

"Huigusi," baba akasema. Akairudisha ile ya maji mezani kwa mikono miwili, kama trei ya mayai.

 Njia nzima nikawa nimeishika kavu yetu mapajani, nzito, haina hata tundu, naichukia.

Sasa sikiliza. Mimi sijawahi kushika tochi. Sijawahi kufungua boneti na baba, wala hajaniambia mkono wangu umetulia. Ile Jumamosi niliyokuandikia alitoka uani, akafungua, akaitazama betri. Nikatoka nikasimama kando yake. Akaniambia, "Rudi ndani, kuna baridi," akafunga. Basi. Hiyo ndiyo Jumamosi yangu yote.

Hakupima maji siku hiyo, na hakupima siku nyingine. Hajapima tangu wewe uondoke Januari. Fundi Tajeu alipoitoa ile ya zamani akafungua vifuniko, ndani kukavu, sahani zimeota weupe kama chokaa. Akasema, "Mzee, hii haikuuawa na baridi. Imekufa kwa kiu." Baba akamjibu kwamba mtu wa kupima yuko shule. Alisema hivyo tu, kama mtu anayesema duka limefungwa.

Kwa nini nilikudanganya? Kwa sababu barua yako ya kwanza aliiacha juu ya kabati la vyombo na mimi niliisoma. Nilisoma kwamba anaongea. Kwamba anaiga sauti za watu, anacheka mpaka anashika bampa. Mimi tangu Juni namjua baba wa "mm" peke yake. Nilidhani ndivyo alivyo, au ndivyo alivyo kwetu sisi, mimi na yeyo, kwa kuwa ni wageni. Kumbe yupo mwingine na wewe umekuwa naye miaka yote. Baba yangu mimi alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, sijui hata alicheka kwa sauti gani. Nikashikwa na wivu, nikajiandikia Jumamosi yangu mwenyewe, nikakutumia wewe ili uumie kidogo.

Ukaumia. Ukaifunga. Lakini mimi hukuninyang'anya kitu, Agnela, sikuwa nacho. Umemnyang'anya yeye.

Chemba ni sita, nimehesabu vifuniko dukani. Hayo mengine uliyouliza siyajui.

Silantoi

Blauzi ya kijani ilishachanika kabla barua yako haijafika.


Sekei
4/8/2024

Agnela,

Betri nimenunua, kavu, kama ulivyoshauri. Gari linawaka mara moja. Mikate inafika kwa wakati. Hongera, umechagua vizuri.

Sikujua kama mambo ya gari yalikuwa yanakuchosha. Ungeniambia mapema. Sasa yaache, kazana na masomo, mwakani ni mtihani.

Jumamosi nimelala hadi saa mbili. Tochi nimeihamishia chooni, taa ya kule imeungua.

Baba yako,
Ludovick


Bweni
11 Agosti 2024

Silantoi,

Barua zenu mbili nilizisomea nyuma ya maabara ili watu wasinione. Nilianza na ya baba, na ilikuwa makosa. Ameandika "hongera". Nimelia kwa sababu ya neno hongera, sijui kama unaelewa. Matroni akadhani ni mafua, akanipa tangawizi.

Nimejaribu kumwandikia. Ya kwanza nilisema "Baba, sikumaanisha", halafu nikaona itabidi nieleze nilimaanisha nini. Nikachana. Ya pili niliiandika kwa Kiingereza, kwa Kiingereza mtu unaweza kusema mambo makubwa bila kuyasikia, lakini nikajiuliza atamtafutia nani amsomee. Wewe, bila shaka. Nikachana na hiyo. Kwa hiyo nakuandikia wewe, kwako sina cha kuficha tena.

Nilijua ninachofanya. Niliandika mambo yote ya kweli, saizi, herufi, tarehe, na kila neno lilikuwa la kumsaidia, isipokuwa moja. Nilipofika kwenye kavu nilikuona wewe umesimama upande wangu wa gari, ule wa kushoto, na tochi yangu, na yeye anaiga sauti za watu kwa ajili yako. Nikasema basi isifunguliwe na mtu. Sikufikiri kwamba na mimi nitarudi Desemba na kuikuta imefungwa. Na kwamba atadhani nimemchoka sikufikiri hata kidogo. Nilidhani mwenye wivu ni mimi, wengine wote mnastarehe.

Kukuamini kwamba unasema kweli sasa hivi kumenichukua siku kadhaa. Halafu nikaona ungekuwa bado unadanganya ungejibu lile la mrija. Anaufutia kwenye soksi yake. Anainua suruali, anafuta, anashusha, kama vile hakuna aliyeona. Soksi zake zote za kushoto zina matobo ya asidi.

Sasa nisikilize vizuri, maana kuna jambo yule muuzaji amelisema vibaya. Kavu haiongezwi maji, lakini si kweli kwamba huigusi. Ina kazi zake. Kuna chuma kinachoishikilia kwenye trei, na kwa yale mashimo ya Daraja Mbili kinalegea, betri inaruka ndani na kupasuka taratibu bila mtu kujua. Kikazwe. Vichwa vyake vinaota ule unga mweupe kama wa betri ya babu yako, hasa cha chanya. Unauosha kwa maji ya moto yenye magadi, yale yale mama yako anayotilia makande, ukikausha unapaka mafuta ya mgando. Kulegeza unaanza na waya wa hasi, kurudisha unamalizia na hasi. Na juu pale, kama ni aina ninayoidhani, kuna kidirisha kidogo cha duara kama jicho. Kijani ni nzima, nyeusi inahitaji chaji, nyeupe imekwisha. Baba halijui hilo jicho, betri zetu zote zilikuwa za vifuniko. Na jicho hilo bila tochi halionekani vizuri.

Umeelewa ninakokwenda.

Jumamosi, akishaosha gari, kaitoe tochi chooni. Usimwombe ruhusa. Ukiomba atasema kuna baridi. Usimwambie pia kwamba nimesema hili na lile, atasema "haya" na ataingia ndani. Fungua boneti mwenyewe, chukua spana namba kumi, kisha nenda kwenye waya wa chanya kama vile unaanza nao. Usilegeze kweli, na spana isiguse bodi, itatoa cheche. Weka tu juu yake ujifanye. Baba anaweza kuvumilia mambo mengi, aliwahi kukaa kikao cha ukoo tangu asubuhi hadi jioni bila kufungua mdomo, lakini hawezi kumtazama mtu anaanza na chanya. Atakunyang'anya hiyo spana. Ataanza kueleza. Na akianza kueleza hawezi kuacha, ndivyo alivyoumbwa, unachotakiwa ni kumulika anapoangalia yeye, siyo unapotaka kuona wewe. Hilo mimi lilinichukua muda mrefu kujifunza na nakupa bure.

Akinyamaza katikati, muulize habari za Mama Princess, mwenye kioski Daraja Mbili. Uliza kama bado anaibonyeza mikate yote kabla ya kuchagua miwili. Usimsaidie zaidi ya hapo.

Simama kushoto. Kulia unamzuia mkono.

Sitaki ufikiri nimekuwa mtu mzuri ghafla. Wivu ninao. Jumamosi hiyo nitakuwa nao tangu kengele ya kuamka, nitafua nao, nitakula nao makande, na saa ile mtakayofungua boneti nitajua tu. Ningeweza kusubiri Desemba nikafanya haya yote mwenyewe. Lakini Desemba ni mbali na yeye analala hadi saa mbili, mtu ambaye hajawahi kulala kupita saa kumi na moja hata siku ya Krismasi.

Niandikie yote, alichosema na ulichojibu. Ila akicheka, usiniambie.

Agnela


Sekei
18 Agosti 2024

Dada Agnela,

Nimefanya kama ulivyosema. Nikatoa tochi chooni, yeyo akaniuliza naipeleka wapi na jua lote hili, nikamwambia kwa baba, akarudi jikoni. Nikafungua boneti. Ilinishinda kidogo, ile fimbo ya kuishikilia sikuiona, nikawa nimeibeba kwa kichwa. Baba yuko kule nyuma anakamua kitambaa, ananitazama. Nikachukua spana, nikaiweka juu ya chanya.

Hakutembea, aliruka ndoo.

"We mtoto. We. Nani amekufundisha kuanza na chanya?"

Nikasema, "Agnela."

Akasimama na spana yangu mkononi. "Agnela hawezi kukosea hivyo."

"Hajakosea, baba. Amenituma nikosee."

Najua uliniambia nisikutaje, lakini hukuniambia nifanye nini akiuliza. Alinitazama, halafu akalitazama gari, halafu tena mimi. Nikaona mdomo unaanza kusema "mm", kwa hiyo nikamulika lile jicho haraka nikamuuliza hiki ni nini, mbona kijani. Akainama. Hakulijua, ulisema kweli. Nikamweleza kijani, nyeusi, nyeupe. Akaniambia nirudie. Akasema, "Na huyu ameyajulia wapi haya, huko bweni wanasoma au wanauza spea?"

Basi akaanza. Alieleza hasi, alieleza chanya, alieleza chuma cha kushikilia, kilikuwa kimelegea kweli. Magadi ya yeyo yamekwisha, tumekula makande magumu. Nilisimama kushoto. Nilimulika anapoangalia yeye, isipokuwa mara mbili, akanisogeza mkono bila kusema kitu, nikaelewa.

Anakutuma ujumbe. Anasema la kavu ulikuwa sahihi, na la kupumzika hukuwa sahihi. Anasema Desemba utaikagua mwenyewe kabla hatujapanda kwenda Kilimanjaro kwa Krismasi, hatamruhusu Tajeu aiguse. Akasema pia kwamba upande wa kushoto tutagawana, na kama hamtaki kugawana atamchukua Sumari.

Kisha nikamuuliza habari za Mama Princess.

Hakucheka. Nakuapia, dada. Alitaja mkate wa kwanza, hakucheka. Alipofika wa tatu, anaubonyeza kwa sauti ya yule mama, alikuwa hacheki kiasi kwamba alishika bampa kwa mikono miwili, na yeyo akatoka jikoni na mwiko akiuliza kuna nini huko uani, na Sumari akapanda juu ya tofali kuchungulia. Mpaka jioni kwenye chakula alikuwa akinitazama, anaendelea kutocheka, yeyo akamwambia ugali utamkwama.

Mdogo wako,
Silantoi